Mchango wenu kwa familia zilizokimbia vita Kivu: hesabu kwanza, gari baadaye

Mapigano yakipamba moto Kivu, mashariki mwa Kongo, makundi ya WhatsApp ya Wakongo na marafiki zao, kuanzia Bujumbura na Kampala hadi Nairobi, Dar es Salaam na Brussels, hujaa ahadi za michango ndani ya siku mbili tatu. Kanisa linakusanya nguo, msikiti unanunua mchele, chama cha akina mama kinatafuta lori. Moyo upo na pesa hupatikana. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu: familia ngapi, vichwa vingapi, wanalala wapi, wanapata maji lita ngapi, watapikia nini. Pasipo hesabu hiyo lori hufika limejaa makoti, huku watoto wakiendelea kunywa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa.

Anzeni na mahali watu wanakokaa, maana hapo mambo yamebadilika sana. Hadi mwanzoni mwa 2025, mamia ya maelfu ya watu waliofukuzwa na vita walikuwa kwenye kambi zilizouzunguka mji wa Goma: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Januari mwaka huo, na mwezi uliofuata watu wakaamriwa waondoke, kambi zikavunjwa. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, baadhi yao wakakuta nyumba zimeharibiwa. Wengine wakavuka kwenda Burundi na Uganda. Wengi wakaingia kwa jamaa, au kwa watu wasiowajua kabisa waliowahurumia. Na hata zamani za kambi, sehemu kubwa ya waliokimbia vita Kongo walikuwa wakiishi kwenye nyumba za watu. Kundi linalopanga leo "kupeleka msaada kambini" linatumia ramani iliyopitwa na wakati. Msaada sasa unawafuata watu nyumba kwa nyumba, na hiyo ndiyo kazi ngumu.

Ndiyo maana orodha huja kabla ya ununuzi. Orodha nzuri ina mambo machache tu: jina la mama au mlezi wa nyumba, idadi ya vichwa, watoto wa chini ya miaka mitano wangapi, kuna mjamzito, mzee au mlemavu, na nyumba iliyowapokea ina watu wangapi. Andikeni jina la mama pale inapowezekana. Baba anaweza kuwa mbali, au asirudi, na mkiandika jina lake mzigo unakwama siku ya kugawa kwa kukosa mwenye kitambulisho. Yanayoharibika kwenye orodha yanajulikana: shefu wa mtaa huingiza shangazi zake, familia moja hujigawa mara mbili ipate mafungu mawili, na jina moja huandikwa kwa tahajia tatu. Dawa yake ni kupita nyumba zote za mtaa mmoja siku hiyo hiyo, jioni watu wakiwa nyumbani, kisha kuisoma orodha hadharani mbele ya waliohamishwa na wenyeji. Watu wenyewe watasema nani hayupo na nani kaongezwa. Shefu ashirikishwe kwa heshima zote, ila asiachiwe kalamu peke yake.

Orodha hiyo ikae kwa watu wawili watatu tu. Ina majina, vijiji walikotoka watu na nyumba walimojificha. Mahali penye silaha, karatasi kama hiyo inaweza kumuua mtu. Isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Picha za nyuso za wapokeaji zisitumwe pia, hata kama wachangiaji wanataka ushahidi. Ushahidi wa kutosha ni risiti, picha ya mafungu na hesabu ya mafungu yaliyotoka.

Halafu lije swali la vitu au pesa. Pale soko linapofanya kazi, pesa ni bora, na Goma hata baada ya Januari 2025 unga na maharagwe viliendelea kuuzwa. Familia inajua yenyewe kama leo inahitaji dawa, kodi ya chumba au sabuni. Lakini pesa nazo zina njia zake za kukwama. Benki za Goma zilifungwa mji ulipotekwa, na uwanja wa ndege ukafungwa vilevile. Simu zikabaki ndiyo njia kuu, yaani M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money na Orange Money. Shida ya simu haiko kwenye kutuma, iko kwenye kutoa. Wakala akiwa hana noti mkononi, salio la mama ni namba tu kwenye kioo, au anakatwa kiasi kikubwa ili apewe. Kabla ya kutuma, mtu wenu aliyeko pale aulizie mawakala wasiopungua watatu: wana noti za kiasi gani, wanakata ngapi. Ada hiyo muiongeze juu ya fungu, isimegwe kwenye fungu la mama. Msiwatumie wote siku moja, la sivyo wakala ataishiwa kabla ya saa nne asubuhi na bei ya kutoa itapanda palepale. Njia nyingine inayofanya kazi vizuri ni kukubaliana na muuza unga anayepokea malipo ya simu, ili mama alipe bila kugusa noti.

Akaunti za simu Kongo zina mifuko miwili, faranga na dola, na mtu akiangalia mfuko mmoja anaweza kudhani hakutumiwa kitu. Mwambieni mapema mmetuma sarafu gani. Hakikisheni pia laini ni yake mwenyewe, maana wengi walipoteza simu njiani na hutumia ya jirani. Mkipeleka dola za mkononi, chagueni noti safi zisizo na mchaniko hata mdogo, kwa sababu Kongo noti iliyochanika kidogo pembeni hukataliwa sokoni, na noti ya dola moja wengi hawaipokei.

Sasa maji, na hapa naomba msomaji atulie nami, kwa sababu ndipo fedha kidogo huokoa watu wengi kuliko mahali pengine popote. Goma imejengwa juu ya miamba ya volkano. Visima ni shida, vyoo vya shimo ni shida zaidi, na umeme ukikatika pampu za maji husimama. Hayo yalitokea Januari 2025 na watu wakashuka ziwani na madumu. Mji huu unaijua gharama yake. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma, kipindupindu na kuhara damu viliwaua kwa kasi ambayo wataalamu waliihesabu kuwa karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza.

Kiwango cha chini kinachotumika na mashirika ya misaada duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na dharura ikibana sana zisishuke chini ya lita 7.5. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Hesabu madumu yaliyopo kwenye nyumba na utajua mara moja kama yanatosha. Kila familia iwe na angalau mawili, moja la kuchotea na moja la kuhifadhia lenye mdomo mwembamba na kifuniko. Dumu lisilo na kifuniko hurudisha uchafu kwenye maji yaliyokwisha kutibiwa, kwa mikono ya watoto na vikombe vinavyochovywa.

Kutia dawa ndoo kwa ndoo ufukweni ni kazi ambayo kikundi cha vijana waliofundishwa kinaiweza. Mnahitaji klorini ya chembechembe, HTH yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, mizani ndogo, bomba la sindano lisilo na sindano, na kipimo cha klorini chenye vidonge vya DPD. Changanyeni gramu 15 za HTH kwenye lita moja ya maji safi. Huo ni mchanganyiko mama wa asilimia moja. Uacheni utulie, mtumie maji ya juu, na muuweke kwenye chombo cha plastiki cheusi chenye kifuniko, mbali na jua. Chuma hapana, kwa sababu klorini hukila na yenyewe hupungua nguvu.

Kisha mtafute kipimo. Chukueni ndoo nne za lita 20, zote za maji yale yale. Ya kwanza itiwe mililita 2 za mchanganyiko mama, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8. Korogeni, funikeni, msubiri, halafu mpime klorini iliyobaki. Vitabu husema dakika 30 na kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ziwa Kivu lakini lina pH, yaani kipimo cha uasidi, ya karibu 9, na kwenye maji yaliyozidi pH 8 klorini hufanya kazi polepole; hapo subirini saa nzima na mlenge miligramu 0.4 hadi 1. Wengi hukosea hapa. Wananakili kipimo cha mto fulani wa mbali, wanakiita sahihi, na wadudu wanabaki hai. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa au yaachwe yatulie, maana uchafu huila klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Kipimo kirudiwe baada ya mvua kubwa, na kila mnapofungua ndoo mpya ya HTH.

Tuseme kipimo kimetoka mililita 4 kwa ndoo. Lita moja ya mchanganyiko itatibu ndoo 250, na kilo moja ya HTH itatibu zaidi ya ndoo 16,000. Linganisheni na gharama ya kusafirisha marobota ya nguo. Pesa nyingi zitakwenda kwenye posho ya vijana, nayo ilipwe bila kuchelewa, kwa sababu wachotaji wakubwa ni watoto na akina mama wanaofika alfajiri, na zamu ikikosekana saa kumi na moja asubuhi nusu ya maji ya siku hupita bila dawa. HTH ihifadhiwe pakavu, isikae na petroli wala mafuta, na isichanganywe kamwe na asidi au klorini ya aina nyingine. Hutoa gesi ya hatari.

Kwa familia zilizotawanyika mbali na ufuko, tumieni vidonge. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Lakini someni pakiti kwanza, kwani vipo vya ukubwa mbalimbali vinavyofanana, na kidonge cha lita 4 au 5 kikiwekwa kwenye dumu la lita 20 hakisaidii kitu. Mwonyesheni mama kwa dumu lake mwenyewe. Maelezo ya karatasi hupotea.

Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, apelekwe kituo cha matibabu mara moja huku akinywa njiani. Pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, ndizo bora. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa, visijae kilima. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, mkubwa kidogo nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Akitapika, subirini dakika kumi mwendelee. Anayenyonya asiachishwe.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mtu mmoja anahitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku. Fungu la kawaida ni unga gramu 400, maharagwe 60, mafuta ya kupikia 25, unga wa lishe wa mahindi na soya 50, na chumvi 5 yenye madini joto. Kwa familia ya watu sita kwa siku 30 hiyo ni kilo 72 za unga, karibu kilo 11 za maharagwe, lita 5 za mafuta, kilo 9 za unga wa lishe na gramu 900 za chumvi. Familia ikipewa mfuko mmoja wa kilo 25 itakula siku kumi hivi, na ni heri kulijua hilo mapema kuliko kuahidi "chakula cha mwezi". Sokoni Goma unga na maharagwe hupimwa kwa murongo, chombo cha kupimia cha wauzaji. Pimeni wenyewe kwa mizani, kwani vipimo vya wauzaji havilingani.

Makala, yaani makaa ya kupikia, husahauliwa karibu kila mara. Maharagwe huchukua saa nyingi motoni, na mwanamke asiye na makala huenda msituni kutafuta kuni, mara nyingi kuelekea hifadhi ya Virunga, ambako wengi wamebakwa. Tengeni pesa za makala ndani ya fungu la chakula, si pembeni. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kufunika sufuria hupunguza sana moto unaohitajika, lakini kunadai sufuria yenye kifuniko na ndoo ya ziada, vitu ambavyo aliyekimbia hana.

Kwa makazi, turubai la kawaida la misaada ni mita 4 kwa 6. Kiwango ni mita za mraba 3.5 za sakafu kwa kila mtu, hivyo watu sita wanahitaji mita 21 na turubai moja halitoshi paa na kuta pamoja. Toeni mawili na kamba mita 30. Kwenye miamba ya Goma vigingi haviingii ardhini. Watu hufunga kwa mawe makubwa, na kamba ikipitishwa kwenye tundu moja la turubai, upepo wa kwanza hulichana. Tafuteni kokoto laini ya ukubwa wa yai, iwekeni ndani ya turubai, likunjwe kuizunguka, kisha kamba ifungwe shingoni mwa uvimbe huo. Mzigo unasambaa na turubai halichaniki. Livutwe kama ngoma lisipigepige, na paa liwe na mteremko ili mvua isituame.

Wanaoishi kwa wenyeji mara nyingi hawahitaji turubai la nje. Wanahitaji mikeka, blanketi, pazia la kugawa chumba na kitasa cha mlango. Wanahitaji pia choo kisijae. Choo kilichochimbwa kwa shida juu ya mwamba kwa ajili ya watu saba sasa kina watu kumi na tisa, na kikifurika ugomvi wa kufukuzana huanza hapo. Kiwango ni watu 20 kwa tundu moja. Kulipia kukinyonya, au kujenga cha kuinuliwa juu ya ardhi, ni msaada kwa familia zote mbili. Mimi naona mwenye nyumba apate fungu lake pia, hata nusu ya lile la mgeni. Yeye ndiye aliyefungua mlango kabla yetu sote, na hajakaa vizuri kuliko waliokimbia kwa kiasi tunachodhani.

Kuhusu watoto, msipeleke maziwa ya kopo wala chupa. Chupa iliyooshwa kwa maji machafu huua, na mama anayegawiwa maziwa ya kopo huacha kunyonyesha, kisha kopo likiisha maziwa yake yamekauka. Mpeni mama chakula na maji ya kutosha yeye mwenyewe. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 apimwe mkono wa kushoto kwa utepe wa rangi, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. 115 hadi 124 ni njano. Bonyezeni pia nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, ni hatari hata kama mkono unaonekana mnene. Mtoto mwenye nyekundu au shimo hilo aende kituo cha lishe siku hiyo, na nauli itoke kwenye mchango wenu. Pakiti za karanga za gramu 92 wanazopewa ni dawa yake peke yake. Ndugu zake wakiwa na njaa atagawana nao tu, kwa hiyo nyumba hiyo ipewe chakula cha wote.

Wajumbe wenu wa kike wajue mipaka miwili muhimu ya muda. Aliyebakwa akifika hospitali ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU, na ndani ya saa 120 dawa za kuzuia mimba. Goma kuna HEAL Africa, na Bukavu kuna Panzi ya daktari Denis Mukwege aliyepewa Nobeli ya Amani 2018. Kazi ya mjumbe ni kumpa habari hiyo kwa faragha na nauli. Asimhoji, asiandike jina lake, asilitaje kwa shefu.

Kabla ya siku ya kugawa, ulizieni Msalaba Mwekundu au Caritas wanagawa wapi wiki hiyo, ili mtaa mmoja usipate mara mbili na wa pili ukakosa. Gaweni asubuhi na mmalize kabla ya saa tisa alasiri, ili mwanamke mwenye mzigo asirudi gizani. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu wawe na mstari wao. Pimeni mafungu kabla watu hawajafika, wekeni mizani mahali ambapo kila mtu anaweza kuhakiki lake, na mtangaze kwa sauti fungu lina nini. Bakizeni mafungu machache kwa walioachwa kimakosa, kwani watakuwepo, na mkiwafukuza mikono mitupu hapo ndipo vurugu huanzia.

Baada ya wiki mbili, mjumbe apite tena kwenye nyumba kumi au kumi na tano zilizochaguliwa bila mpango na aulize kimeisha nini, kimebaki nini, kimeuzwa nini. Mama aliyeuza nusu ya unga hajawadanganya. Alihitaji sabuni, dawa au kodi, na bei aliyouzia ni hasara yake. Nyumba nyingi zikiwa zimeuza kitu kile kile, kitoeni kwenye fungu lijalo na thamani yake ipelekwe kwao kwa simu. Madumu yakikutwa na maji yasiyo na klorini, rudini ufukweni saa kumi na moja alfajiri mwangalie zamu.